Karatasi ya Kumi Kutoka Mwisho

Wifi yangu Hilda haoni, na kwa miaka mingi ukoo wa mume wangu umemtendea kana kwamba hasikii pia, wala hana akili. Wakija Desemba kutoka Dar na Arusha wanamsalimia kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kisha wanamgeukia aliyekaa jirani yake na kumwuliza kama shangazi ameshakula. Shangazi mwenyewe amekaa pale pale, mdomo anao, na tumbo ni lake.

Mimi nimeolewa hapa Masama miaka ishirini na sita sasa. Mume wangu ni Elisaria, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Anaeli, na watu wananiita Mama Kindness kwa jina la binti yetu. Nimewapikia hawa watu mtori wa ndizi wa kutosha kujaza bwawa, kwa hiyo ninayoyasema nayasema nikiwa nawajua.

Hilda alipofuka kwa surua akiwa na miaka minne. Majirani walimshauri baba yake amwache jikoni achambue maharage. Mzee Anaeli hakuwasikiliza. Alimpeleka shule ya bweni ya wasioona, safari ya siku mbili kwa basi, na wakamcheka kwamba anatupa karo kwenye mfongo, mfereji wetu wa mashambani, iende na maji. Hilda akarudi anasoma kwa vidole na anaandika nukta nundu. Wale waliomcheka, wengine hadi wanakufa walikuwa wanapiga dole gumba kwenye mikataba ya kahawa wasiyojua imesema nini.

Baadaye alifanya kazi ya kupokea simu katika ofisi moja mjini Moshi, miaka thelathini na mmoja. Aliwajua watu wote wa pale kwa sauti zao, na alijua nani anamdanganya mke wake kuanzia saa ngapi. Alipostaafu alirudi kihambani, kwenye shamba la nyumbani, na ng'ombe mmoja, ambaye anamkamua mwenyewe, na mashine yake ya kuandikia. Ni chuma kitupu, ina vitufe sita na kimoja cha nafasi, nzito kama mashine ya kukobolea kahawa. Ukimpa mtu wa Dar aibebe hadi barabarani anatafuta mahali pa kukaa.

Ukatibu wa ukoo aliupata hivi. Kila mwaka, Krismasi ikishapita, ukoo unakaa kikao uwanjani kwetu. Mbuzi anachinjwa, mbege ya ndizi inapakuliwa watu walewe, halafu wanaume wanazungumzia mipaka, mahari na nani hajachangia msiba. Mwaka 2003 Mzee Anaeli alitaka yaandikwe. Walikuwapo wenye digrii watatu na mhasibu mmoja. Mmoja akasema hana kalamu, mwingine amesahau miwani, wa tatu alikuwa ameshika kata ya mbege kwa mikono miwili na hakuona sababu ya kuiachia. Mzee akasema, "Hilda, lete mashine yako."

Walicheka. Yeye akaandika. Tangu siku hiyo kila kikao kilikuwa na karatasi zake mbili, hazipungui wala hazizidi, kwa sababu nukta zinakula nafasi na Hilda hapendi maneno mengi. Alizitoboa pembeni, akazifunga kwa kamba ya katani katika jalada moja gumu. Wengine waliokuwa wanarekodi kwenye simu zao, simu zimeibiwa, zimetumbukia chooni, zimebadilishwa. Jalada la Hilda lilikaa kabatini likingoja.

Aliyelidharau kuliko wote ni Wilson, shemeji yangu, mtoto wa pili wa kiume. Wilson ana duka la mabati Moshi mjini na kofia ambayo haivui hata akila. Mwaka mmoja alishika karatasi ya Hilda, akaiinua juu watu waone, akasema hii ni kazi ya kuku, hata jogoo akipita juu ya karatasi anaacha haya haya. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Nilicheka pia.

Sasa, mila ya hapa inajulikana. Mtoto wa kiume wa kwanza anapewa kihamba chake, wa mwisho anarithi pale alipoishi baba, na wa katikati anaambiwa dunia ni pana. Mtoto wa mwisho alikuwa Jesse. Alikaa shamba la chini, kuanzia mfongo mpaka kwenye ua wa masale, akalima kahawa na migomba, akaoa Loveness, wakapata watoto watatu. Jesse alifariki kwa ugonjwa wa kifua mwaka 2021. Loveness akabaki na kahawa, watoto na ng'ombe wawili, na hakuna aliyemwona akilala mchana.

Desemba ya 2023 Wilson alikuja na mchoro. Vyumba kumi vya kulala wageni wanaopanda mlima, baraza linalotazama kilele, na mahali pa kuegesha magari. Vyote vilikuwa vimechorwa juu ya shamba la Loveness. Alisimama kikaoni akasema baba hakuwahi kumpa mtu shamba lile kwa maneno yaliyo wazi, Jesse amekwenda, mali inarudi ukooni, na mjane atafutiwe chumba. Alilitamka hilo neno chumba kama mtu anayezungumzia banda la mbuzi.

Loveness alikuwa anaosha vyombo. Aliacha sufuria likielea kwenye beseni akanitazama. Nami nilimtazama mume wangu, ambaye ndiye mwenyekiti, na ambaye alikuwapo siku baba yao alipogawa yale mashamba. Elisaria akakohoa. Mume wangu ni mtu mwema, ila wema wake wote umekwama kooni.

Hilda ndiye aliyesema, kutoka kwenye kiti chake karibu na ukuta. "Imeandikwa. Mwaka 2013, karatasi ya kwanza, chini."

"Imeandikwa na nani, Dada?" Wilson akauliza.

"Na mimi."

"Na inasomwa na nani?"

"Na mimi."

Wilson akageukia watu akitabasamu. Akasema haiwezekani mtu awe mwandishi, msomaji na shahidi wa maneno yake mwenyewe, na kwamba kichwa cha kipofu si daftari la ukoo. Wakatikisa vichwa kukubali. Watu wazima, wamesoma, wamevaa mashati ya pasi, hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba miaka ishirini yote shida ilikuwa uvivu wao wa kujifunza nukta sita.

Kisha Wilson akajifanya mwerevu. Akasema yeye ni mtu wa haki, na atafutwe kipofu mwingine asiyetujua, asiwe wa ukoo, asiwe wa Masama, hata Mlutheri kama sisi asiwe. Asome jalada lote mbele ya kikao huku Hilda akiwa mbali asiweze kumnong'oneza. Kitakachosomwa kiwe ndicho sheria. Kisichosomwa hakipo, hata kama mtu anakikumbuka, maana kumbukumbu za vichwani zimetuchosha. Nadhani aliamini kabisa kwamba zile nukta Hilda alizibuni mwenyewe, na mtu mwingine akizishika atabaki anapapasa tu.

Kikao kikakubali. Hilda naye akakubali, haraka kiasi kwamba Wilson alisita kidogo. Halafu akadai jalada lilale kwake, ndani ya gari, Dada asije akaongeza matobo.

"Chukua," Hilda akasema. "Usiweke mzigo juu yake tu, nukta zitalala."

Kupitia kwa watu wa kanisani akapatikana Thadeus, mkazi wa Rau, Mkatoliki, asiyeona tangu kuzaliwa. Anapiga kinanda parokiani kwao na nyimbo zake zote anazisoma kwa vidole. Alikuwa hajawahi kufika Masama wala kumsikia Hilda. Akaahidi kufika siku iliyofuata saa nne asubuhi.

Siku hiyo ya pili, saa moja asubuhi, nilikuwa jikoni nachochea mtori. Wilson akaingia. Katika miaka yangu ishirini na sita sijawahi kumwona Wilson jikoni, sembuse asubuhi. Akasema anaota moto, baridi ya huku juu hajaizoea. Nilipoinama kuchukua chumvi, akatoa kitu kwenye koti na kukisukuma chini ya sufuria. Nikageuka nikakiona. Karatasi mbili nyeupe, nene, zimekunjwa mara nne, zikijikunjua polepole kwa joto, na zile nukta zikaonekana kwa mwanga wa moto kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Zilichelewa kushika. Alisubiri mpaka ziliposhika, akafuta mikono, akaniambia mtori unanukia.

Nilimwona na alijua nimemwona. Wilson ndiye anayemlipia Kindness wetu ada ya chuo, na hilo nalo alijua ninalijua.

Hilda akaingia na ndoo ya maziwa. Akasimama. "Wifi, nini kinaungua?"

"Majani ya migomba," nikasema.

Akaweka ndoo mahali pake, akatoka. Mimi nikaendelea kukoroga. Moyoni nilisema Loveness amekwisha, nikamsikitikia sana, na huruma yangu haikumsaidia kwa lolote.

Saa nne Thadeus akafika na fimbo yake nyeupe, suti ya kahawia, na subira ya mtu aliyezoea kungojea wanakwaya. Hilda akapelekwa kukaa kwenye banda la ng'ombe, mbali, kama Wilson alivyotaka. Nikampelekea bakuli la mtori huko. Alipokea akasema asante, basi.

Thadeus akaweka jalada magotini, akafungua, akaweka vidole viwili. Nilimtazama Wilson, alikuwa amekunja nne. Kisha yule mgeni akaanza kusoma, bila kukwama, kwa sauti ya kanisani, mambo yetu yote.

Hapo ndipo ukoo ulipogundua kwamba Hilda alikuwa anaandika kila kitu. Walidhani katibu asiyeona haoni cha kuandika. Mwaka 2004, nani alilewa akaangukia zizini. Mwaka 2006, yule mhasibu aliahidi mabati ya nyumba ya mama mkubwa, na mwaka 2007 aliahidi tena, na 2008. Mwaka 2011, fulani amesema mke wa fulani hazai kwa sababu ya kiburi. Mtu wa Rau, asiyemjua yeyote, alisoma majina kamili na kugeuza ukurasa. Watu walianza kuangalia viatu vyao. Mmoja aliomba turuke baadhi ya miaka, na Elisaria, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakukohoa. Alisema, "Tulikubaliana yote."

Thadeus akafika 2013. "Wilson ameinua karatasi hii, amesema ni kazi ya kuku. Watu wamecheka. Baba amesema: shamba la chini, toka mfongo hadi masale, ni la Jesse na mke wake Loveness na watoto wao. Jesse akitangulia, Loveness asiondolewe. Wote wamekubali. Wilson amekubali."

Loveness alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, kwenye majani, akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilimtazama Wilson. Alikuwa amekodoa macho kwenye lile jalada. Ile aliyoichoma imerudije?

"Endelea," Elisaria akasema.

Thadeus akaendelea. 2014, 2015, 2016, 2017. Akageuza, akagusa juu ya ukurasa, akarudi nyuma, akapapasa kamba. "Hapa pana upungufu," akasema. "Mwaka 2018 haupo. Kuna mabaki ya karatasi kwenye kamba, mbili. Zimechanwa, na si zamani, kingo bado zina nyuzi. Inayofuata ni 2019."

Halafu mzee mmoja nyuma, ambaye hakuwa na nia mbaya yoyote, akasema, "2018 si ndiyo Baba alimpa Wilson lile shamba la barabarani?"

Ndiyo hiyo. Wilson, mtoto wa katikati, ambaye kwa mila hana hata mgomba, alilia sana mbele ya baba yake mwaka ule mpaka Mzee akamkatia shamba la juu, pembeni ya lami, shamba bora kuliko yote. Neno la baba ndilo lilikuwa hati yake pekee, na lilikuwa limeandikwa na kuku.

Hesabu yake Wilson alikuja kumweleza mume wangu baadaye, huku akishika kichwa. Tangu 2013 hadi 2022 ni vikao kumi. Kikao kimoja, karatasi moja, kama anavyoandika yeye risiti zake dukani. Basi akahesabu karatasi ya kumi kutoka mwisho, akaichana, na ya tisa akaongeza kwa usalama. Miaka ishirini amekaa hatua tatu kutoka mashine ile, hakuwahi kuuliza kikao kinachukua karatasi ngapi, na ni mbili. Hata kuiba alishindwa kwa sababu ya dharau. Na zile mbili zenye shamba lake zilikuwa zimeivisha mtori, naye alikula bakuli mbili.

Siku ile Wilson akatoka kikaoni hadi bandani kwa Hilda, nami nikamfuata kwa kisingizio cha bakuli. Alikuwa amevua kofia.

"Dada, wewe unakumbuka aliyoyasema Baba."

"Kila neno."

"Basi njoo uwaambie."

Hilda alikuwa anamkuna ng'ombe shingoni. "Jana ulisema kichwa changu si daftari. Kikao kimekubali. Nimeshaliandika."

Kikao kikafuata sheria ya Wilson mwenyewe. Shamba la chini likabaki la Loveness. La barabarani, kwa kukosa maandishi, likarudi kwenye mila, yaani kwa mtoto wa kwanza, yaani kwa mume wangu, yaani kwangu. Ada ya Kindness tukawa tunailipa kwa mahindi ya shamba hilo.

Kabla hawajatawanyika Hilda aliwaambia kwamba jalada halisomwi tena na wageni. Anayetaka kujua kilichoandikwa ajifunze, yeye Jumamosi yuko nyumbani. Wilson alikuja Jumamosi mbili. Alisema vidole vyake vimekufa ganzi kwa kushika mabati, akaacha. Wenye digrii hawakuja hata siku moja. Nilibaki mimi. Nilijiambia najifunza kwa ajili ya ukoo. Uongo. Nilitaka kujua Hilda ameandika nini kuhusu shamba la barabarani, nisije nikapokonywa.

Ilinichukua miezi minane. Miezi mitatu ya kwanza nukta zote zilikuwa punje za chumvi mezani. Hilda hakunisifu hata mara moja. Mwezi wa nane, Jumamosi, aliniwekea jalada mbele, akakaa kando na ungo wa maharage, akasema nijaribu kikao cha mwisho.

Nilisoma tarehe. Nilisoma majina ya waliohudhuria. Mstari wa tano ulinichukua muda mrefu. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo, nikidhani kidole kimenidanganya.

"Asubuhi nimenusa karatasi yangu ikiungua jikoni. Nimemwuliza mke wa Elisaria. Amesema majani ya migomba."

Hakukuwa na neno jingine. Hakuniita mwongo, hakunitukana. Amewaandika walevi, wachoyo na mwizi mwenye kofia, halafu akaniandika mimi katika ukurasa huo huo, kwa mashine hiyo hiyo. Nimewacheka watu hawa miaka ishirini na sita nikiwa mlangoni mwa jikoni, na nilikuwa mmoja wao.

"Umefika wapi?" Hilda akauliza.

"Kwenye majani ya migomba."

Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Mashine iko mezani. Karatasi nimeshaiweka."

Niliandika mpaka saa ya kukamua. Niliandika kwamba niliona karatasi mbili zikichomwa, na aliyezichoma. Niliandika kwamba mwaka 2018, nikiwa jikoni, nilimsikia Mzee Anaeli kwa masikio yangu akimpa Wilson shamba la barabarani. Sikuandika kwamba Wilson ni mtu mzuri, kwa kuwa si mtu mzuri, na Desemba nikimsomea hayo mbele ya kikao atavaa kofia yake na kusema alijua tangu mwanzo. Mahindi ya mwaka huu ni yetu. Ya mwakani ni yake.

Nilimpa Hilda karatasi. Akapitisha vidole juu mpaka chini, taratibu, akairudisha mkononi mwangu.

"Haina jina," akasema. "Na usiandike mke wa Elisaria."

Nikairudisha kwenye mashine, nikaandika: Stella.